Nilichagua "Marafiki" peke yake. Picha ya mwanangu imewafikiaje matapeli?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka saba alifanyiwa upasuaji. Siku ya pili nikampiga picha akiwa kitandani, nikaiweka kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, lenye watu 140, wamwombee dua, na Facebook nikaiweka kwa "Marafiki" peke yake, nikamtagi shangazi na dada zangu wawili; stetasi sikuiweka. Baada ya wiki mbili rafiki yangu aliyeko Muscat akanitumia ukurasa wa Facebook wenye picha ileile. Jina la mtoto limebadilishwa, na wanaomba michango ya matibabu kwa namba ya simu nisiyoijua. Watu wameshachanga. Nilifunga kila kitu, sasa nani kaitoa? Na je, sheria inanilinda? Nifanye nini yasitokee tena? Admini wa grupu ni shangazi yangu na sitaki kumkosea adabu. Au nitoke tu?

JIBU: Pole sana dada yangu, na mtoto apate shifaa kamili. Picha zote mbili ulizoambatisha, ya kwako na ile ya matapeli, nimeziangalia kwa makini, na sehemu kubwa ya jibu la "nani kaitoa" imo ndani ya picha zenyewe. Nitafika huko. Kwanza yale ya usiku huu, maana ukurasa ungali hewani na watu wanaendelea kutuma pesa.

Usimwandikie mwenye ukurasa. Najua moyo unakutuma umwambie maneno yake, lakini akishajua kwamba umemgundua atafuta kila kitu na kufungua ukurasa mwingine kwa jina jingine, nawe utabaki mikono mitupu. Piga skrinshoti za kila kitu: jina la ukurasa, posti yenyewe, namba ya simu, tarehe, na maoni ya wale wanaosema wameshachanga. Nakili na kiungo cha ukurasa, kwa sababu skrinshoti peke yake haiwapeleki polisi wala Facebook mahali penyewe. Rafiki yako wa Muscat naye afanye hivyohivyo kwenye simu yake.

Ukishamaliza, nenda kituo cha polisi ufungue jalada, upewe namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa ulaghai wa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba hayo ni mambo ya Facebook, waandikie wenyewe. Namba inayopokea michango imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu, kama laini nyingine zote nchini. Huenda mtu huyo alisajiliwa laini na kishoka, wakala asiye rasmi, bila kujua, lakini pesa ilitolewa kwa wakala fulani, saa fulani, na polisi wanayo mamlaka ya kuiuliza kampuni ya simu habari hizo. Ukiwa na RB mkononi, piga huduma kwa wateja wa mtandao husika uripoti namba, na uiripoti pia kupitia 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokea taarifa za utapeli. Ukiwa hapohapo kwenye simu, bonyeza *106# uangalie kama hakuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kwa upande wa Facebook, ripoti posti, kisha utafute kwenye ukurasa wao wa msaada fomu ya mzazi anayeomba picha ya mtoto wa chini ya miaka 13 iondolewe. Fomu hiyo ina nguvu kuliko kubonyeza "ripoti" tu, kwa sababu hapo mlalamikaji ni mzazi, si mpita njia. Ndugu wakikuuliza wakusaidieje, waambie waripoti posti ileile. Waombe sana wasiusambaze ukurasa huo "kutahadharisha watu". Wakifanya hivyo watakuwa wanamzungusha mtoto mara ya tatu, na wapo watakaoiona picha wasisome onyo.

Sasa tuje kwenye swali lako.

Hakuna aliyevunja kufuli lako. Nalisema hili mapema kwa sababu nimesikia katika maneno yako kwamba unajilaumu, kana kwamba kuna kitufe ulisahau kukibonyeza. Ulipochagua "Marafiki", uliiambia Facebook: mtu asiye rafiki yangu akija kuomba picha hii, usimpe. Facebook ikatii. WhatsApp nayo imefanya kazi yake: tangu 2016 ujumbe husafiri umesimbwa mwanzo hadi mwisho, wala kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Lakini mwisho wa safari ni simu ya mtu. Picha ikishatua kwenye simu ya ba'mdogo wako Morogoro, hiyo ni nakala yake. Yeye ndiye atakayeamua iende wapi, na simu yake haikumbuki hata kidogo kwamba wewe uliitoa kwa ajili ya dua.

Yaani ruhusa uliyoiweka haisafiri pamoja na picha. Kila anayeipokea na kuiweka mahali pengine anaanza upya, kwa mipangilio yake yeye na watu wake yeye. Watafiti wa usalama wa data wamelihangaikia jambo hili kwa miaka mingi, na ugumu wake ni huu: kwenye benki, faili la mteja lina mwenyewe mmoja anayejulikana na orodha ya watumishi wanaoruhusiwa kulifungua. Picha ya mitandaoni ina aliyepiga, aliyepigwa, aliyeiweka, aliyetajwa ndani yake na aliyetoa maoni chini yake, na mtandao unamsikiliza mmoja tu, yule aliyeiweka. Mtoto wako yumo katikati ya picha lakini hana kitufe. Na wewe, mara tu shangazi au binamu anapoiweka kwake, huna kitufe pia.

Haya, tuangalie picha. Ya kwako imekamilika: kitanda, dripu, kuta za rangi ya krimu, mtoto amevaa fulana ya njano. Ile ya matapeli imekatwa juu na chini. Lakini aliyeikata hakuwa mwangalifu. Ukiikuza, chini kabisa kuna kipande cheusi chenye nusu ya juu ya maandishi meupe, na yanasomeka: "…wombee mtoto wetu". Hivyo ndivyo maneno yanavyokaa chini ya picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Wewe umesema hukuiweka stetasi. Basi mtu mmoja kwenye grupu aliichukua akaiweka yeye, na aliandika "tumwombee mtoto wetu". Haya si maneno ya tapeli. Ni maneno ya mtu anayempenda mwanao.

Hapo ndipo ilipotokea. Mtu huyo, tuseme ni mama mdogo mwenye duka la vitenge, ameweka picha stetasi kwa saa 24. Isipokuwa mtu awe ameibadilisha, stetasi huonekana na kila ambaye mmehifadhiana namba: wateja, wapangaji, dereva wa bodaboda, fundi wa friji aliyekuja mara moja mwaka juzi. Mmoja katika hao akapiga skrinshoti. Huenda naye aliituma kwa huruma kwenye grupu jingine, na katika grupu la tatu ndimo alimokuwamo tapeli. Kumtafuta mtu mmoja wa kumbebesha lawama kutakupeleka kwenye ugomvi wa ukoo bila kukupa mhalifu. Mhalifu ni aliyeweka namba yake ya kupokea pesa. Wengine walikuwa wanakuombea.

Lipo jambo jingine kwenye picha ambalo limenisumbua zaidi. Mkononi mwa mtoto kuna utepe wa hospitali, na ukutani, nyuma ya bomba la dripu, kuna karatasi yenye jina la wodi. Kwenye utepe, ukikuza, namba ya faili inasomeka. Ndiyo maana hadithi ya matapeli ilionekana ya kweli: walitaja wodi, wakataja aina ya upasuaji, wakabadilisha jina tu. Mtu anayeombwa mchango hutafuta alama za kumthibitishia, na wewe, bila kukusudia, uliwapa alama hizo tayari. Nakushauri uiarifu hospitali kwamba namba ya faili imetoka hadharani, ili asije mtu kujifanya ndugu akauliza habari za mgonjwa.

Hiyo ni njia ya kwanza, na nadhani ndiyo iliyotumika. Njia ya pili iko Facebook, nayo huwapata wengi. Kwenye posti yako ulimtagi shangazi na dada zako wawili. Kwa kawaida ya Facebook, ukimtagi mtu kwenye posti ya "Marafiki", posti hiyo inafunguka pia kwa marafiki wa huyo uliyemtagi. Hivyo hadhira yako haikuwa marafiki zako peke yao. Ilikuwa marafiki zako, na wa shangazi, na wa dada wote wawili. Kuna sehemu ya kulizima hilo unapochagua hadhira ya posti, lakini imejificha na wachache huifikia. Kwa picha za watoto, usimtagi mtu yeyote. Anayetakiwa kuiona mtumie.

Maoni nayo yana kanuni yake. Ukiandika chini ya posti ya mtu mwingine, hadhira ni ya mwenye posti. Binamu akiweka posti iliyo wazi kwa umma, nawe ukajibu kwa uchungu, "Alhamdulillah ametoka wodini, kesho tunarudi nyumbani", umemwambia kila mtu duniani kwamba mtoto yuko wapi kesho. Ndani ya grupu la Facebook, mwenye kuamua ni grupu, si wewe.

Tabia hii ya watu wengine kutoa habari zako ndiyo iliyozaa kashfa kubwa ya Facebook. Machi 2018 ilijulikana kwamba programu moja ya maswali ya kujipima tabia, iliyotengenezwa na mtafiti Aleksandr Kogan, iliwekwa na watu wapatao 270,000. Habari zilizochukuliwa, kwa makadirio ya Facebook yenyewe, zilikuwa za watu hadi milioni 87. Kwa sababu wakati ule ukiipa programu ruhusa, uliipa na habari za marafiki zako. Waliokubali walikuwa laki mbili na sabini elfu, wengine wote walitolewa na marafiki. Habari zile zikaishia kwa Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa ambayo kiongozi wake mmoja alirekodiwa kwa siri akijisifu jinsi walivyofanya kazi katika chaguzi za Kenya za 2013 na 2017. Mwaka 2019 Facebook ilitozwa na serikali ya Marekani faini ya dola bilioni 5. Njia ile ilizibwa, lakini ndugu yake bado anaishi kwenye simu zetu: kitabu cha namba. Programu yoyote inayoomba kusoma namba zako inawataja watu ambao hawakuulizwa. Wakopeshaji wa mtandaoni wamewaaibisha watu wangapi kwa kuwapigia wakwe na wakubwa wao wa kazi? Google ilizikataza programu za mikopo kusoma namba na picha za mtumiaji kuanzia 31 Mei 2023, lakini zile zinazosambazwa nje ya duka lake kwa kutumiana faili haziulizi sheria ya mtu. Kama kuna mtu nyumbani kwako ana programu ya namna hiyo, aifute leo.

Umeuliza pia kama sheria inakulinda. Inakulinda, lakini si kila mahali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Ikiwa picha ingetolewa na hospitali, shule, kampuni au taasisi yoyote, ungepeleka malalamiko Tume, na ungekuwa na haki ya kudai taarifa zifutwe na hata kudai fidia. Wenzetu wa Kenya wameanza mapema, sheria yao ni ya 2019, na Septemba 2023 Kamishna wao wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Siku zilezile baa moja ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kustarehe. Nakuomba uikumbuke hukumu ya shule, kwa sababu najua magrupu ya wazazi yalivyo. Mwalimu anayeweka picha za darasa zima kwenye ukurasa wa shule anapaswa kukuomba idhini kwanza, na una haki ya kukataa bila mtoto wako kunyanyapaliwa.

Ila sheria hizi hazikuandikwa kwa ajili ya shangazi. Ya Kenya inasema waziwazi kwamba haigusi mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani mwake. Swali ni je, Facebook ni nyumbani? Mei 2020 mahakama moja ya Gelderland, Uholanzi, ilipata kesi inayofanana sana na yako: bibi aliweka picha za wajukuu zake Facebook na Pinterest, binti yake akamwomba azitoe, akakataa. Hakimu akasema picha zikishakuwa Facebook huwezi kuondoa uwezekano wa kuwafikia watu baki, kwa hiyo hapo si ndani ya familia tena, na akamwamuru bibi azitoe au alipe euro 50 kila siku, mwisho euro 1,000. Kama una ndugu Ulaya kwenye grupu lenu, na ukoo wa Tanga haukosi, huenda mahakama za huko waliko zikaliona hivyohivyo. Sikuelezi haya ili umshitaki shangazi. Nimeyaeleza ujue kwamba unachokidai si ukorofi wala si ushamba. Ni haki inayotambulika, na Katiba yetu katika Ibara ya 16 inaitaja heshima ya maisha ya mtu binafsi na ya familia yake.

Basi tufanye nini kuanzia sasa? Mimi siamini sana katika orodha ndefu za vitufe. Vitufe vipo na nitakupa vile vya maana, lakini ikiwa ruhusa haisafiri na picha, kazi kubwa inafanyika kabla hujatuma: nini kimo kwenye picha, na nani yumo kwenye duara la kwanza.

Kuhusu picha, mgonjwa akiwa kitandani piga mkono wake ulioshikwa na wako, au piga zawadi alizoletewa, au usipige kabisa. Tuma sauti. Sekunde thelathini za mtoto akisema "shikamoo bibi, naendelea vizuri" zinafariji kuliko picha ya dripu, na tapeli ataziona ngumu kuzitumia. Ikiwa lazima picha iende, kata utepe, kata ukuta, kata sare ya shule. Kufunika kwa katuni juu ya uso kunatosha ukikifanya kabla ya kutuma. Ukitaka bibi yake amwone vizuri, mtumie bibi peke yake kwa ile njia ya kutazamwa mara moja. Picha hiyo haihifadhiki wala haisambazwi, na WhatsApp huzuia skrinshoti yake. Simu nyingine inaweza kupiga picha ya skrini, ni kweli, lakini huo ni uamuzi wa makusudi, na watu wengi wanaosambaza picha hawakusudii. Wanabonyeza tu.

Kuhusu duara, hili ndilo ningependa ukae nalo zaidi. Umesema grupu lina watu 140. Mwombe shangazi mkae pamoja mpitie orodha jina kwa jina, kwa chai, bila haraka. Mtakuta namba tatu nne hakuna anayejua ni za nani. Mtakuta mume wa zamani wa fulani. Mtakuta namba ya mzee aliyefariki, na simu yake sasa iko kwa mjukuu wa miaka kumi na minne, au laini ilifungwa na huenda ikauzwa kwa mtu mwingine kabisa. Mtakuta waliojiunga kwa kiungo kilichotumwa wakati wa harusi ya mwaka ule, na kiungo kile bado kinafanya kazi. Admini anaweza kukibatilisha sasa hivi na kikazaliwa kipya, na anaweza kuweka kwamba kila anayejiunga aidhinishwe kwanza. Vitu viwili hivyo vinachukua dakika moja na vinazidi mipangilio yote uliyoifanya Facebook.

Kumbuka pia kwamba kwetu simu si ya mtu mmoja. Watu 140 kwenye orodha ni watu mia tatu wanaoangalia. Watoto wanachezea simu ya baba, dada wa kazi anaishika simu ya mama kupokea, na simu ikipasuka kioo inalala kwa fundi bila neno la siri, maana fundi amesema "niachie namba nijaribu". WhatsApp za watu wengi zinahifadhi picha zote moja kwa moja kwenye galari, kwa hiyo hata aliyefuta ujumbe bado picha anayo. Upo mpangilio mpya, ulioanza 2025, ambao ukiwashwa kwenye grupu unazuia mtu kuhamisha mazungumzo nje na unazuia simu zisizipakue picha zenyewe. Hauzuii skrinshoti. Mwambie shangazi auwashe hata hivyo.

Kwa habari za ugonjwa, fungueni grupu jingine dogo: wazazi, babu na bibi, shangazi mmoja, mjomba mmoja. Grupu kubwa lipate maneno tu. Hivi ndivyo ukoo wetu ulivyokuwa ukifanya kabla ya simu, wagonjwa walikuwa na watu wao wa karibu na wengine walipelekewa salamu.

Vitufe sasa, haraka. Facebook: kuna sehemu ya kupunguza hadhira ya posti zote za zamani kwa mara moja, itumie, maana huenda posti zako za miaka ya nyuma bado ziko kwa umma. Orodha ya marafiki iwe "Mimi tu", kwa sababu tapeli anayefungua akaunti kwa jina na picha yako huanza kwa kuwafuata watu waliomo humo. Washa kukagua tagi kabla hazijaonekana kwako. Na sehemu ya nani anaweza kukutafuta kwa namba ya simu, weka "Mimi tu": mwaka 2021 habari za watumiaji milioni 533 zilimwagwa mtandaoni, zikiwemo namba za simu, na zilikuwa zimekusanywa kwa kuitumia vibaya huduma hiyo ya kutafuta watu kwa namba. WhatsApp: picha ya wasifu ionekane na waasiliani wako tu, kuongezwa kwenye magrupu vilevile, uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe, na uangalie vifaa vilivyounganishwa kama hakuna kompyuta ya mahali ulipochapisha barua siku moja. Stetasi yako ichagulie watu, usiiache kwa wote. Na nakala rudufu ya mazungumzo inayokwenda Google ina sehemu ya kuisimba kwa neno la siri, ambayo lazima uiwashe wewe mwenyewe.

Sasa shangazi. Nadhani hili ndilo lililokukosesha usingizi kuliko tapeli. Usimwandikie kwenye grupu. Mpigie, au nenda, na umpe yeye heshima ya kulisema. Yeye ndiye mkubwa, akilisema yeye limekuwa neno la ukoo, ukilisema wewe limekuwa lawama. Mweleze kilichotokea, mwonyeshe picha ya matapeli, usimtaje aliyeweka stetasi hata kama unamjua. Kisha mwombe kwa upole aweke ujumbe kama huu, nimekuandikia uurekebishe kwa lugha yenu:

"Assalaam aleikum ukoo wetu. Mtoto wetu anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu na tunawashukuru kwa dua. Kuna watu baki wamechukua picha yake na wanaomba pesa kwa jina la uongo. Familia haijaomba mchango wowote mitandaoni. Atakayetaka kumsaidia mtoto atampigia baba au mama yake kwa namba mnazozijua. Kuanzia leo tumekubaliana: picha za wagonjwa, watoto na misiba zikija humu hazitoki humu, wala haziwekwi stetasi, mpaka mwenyewe aulizwe. Aliyenayo ile picha ya kitandani, tunamwomba aifute kwenye galari pia. Wakubwa shikamooni."

Sentensi ya mchango ndiyo ya lazima zaidi. Wapo ndugu wa mbali watakaouona ukurasa wa matapeli wakaamini ni ninyi, na kwa kuwa M-Pesa na wenzake huonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, waambie walisome jina hilo kwanza. Jina lisipokuwa la baba wala mama wa mtoto, wasitume.

Ujumbe ukishatoka, usitarajie kila mtu atatii wiki ya kwanza. Yupo atakayeweka tena. Mfuate faragha, si mbele ya watu, umwambie: "Mama mdogo, naomba ile uitoe, tafadhali." Wengi hutoa palepale, na wengine wataanza kukuuliza kabla.

Na hapana, usitoke. Ukitoka, picha za watoto wako zitaendelea kupita humo kwenye maulidi, harusi na Idi, ila hutakuwepo kuziona. Ukibaki, muombe shangazi akufanye admini wa pili. Mwambie ni ili umpunguzie kazi ya kufuta na kuidhinisha watu, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote. Asubuhi anza na polisi, jioni nenda kwa shangazi, na hospitali ukipeleka habari ya namba ya faili, omba wakuandikie kwamba wamepokea taarifa yako. Karatasi hiyo iweke pamoja na RB.